Mifupa Aliyoiona Drusilla

Drusilla Nyanchera aliingia katika lile jumba kwa sababu ya mvua. Ilikuwa mwaka wa 1965, siku yake ya mapumziko, naye alikuwa London akisomea uuguzi na ukunga. Alikuwa ametoka na Merle, mwenzake wa chuoni aliyetoka kisiwa cha Barbados, kwenda kutafuta viatu vya bei nafuu. Mvua iliposhika, Merle alimvuta mkono wakavuka barabara mbio hadi kwenye jengo kubwa lenye minara, mlango wa upinde na madirisha marefu. Baba yake Drusilla alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista huko kwao Nyaramba, kwa hiyo yeye alidhani wanaingia kanisani. Alifuta miguu, akakaza kitambaa kichwani, akanyamaza jinsi mtu anavyonyamaza mbele za Mungu.

Walipita ukumbi wa kwanza, wakakata kona, na hapo akakiona.

Ilikuwa mifupa mitupu, imesimama kwa miguu yake minne. Shingo ilikwenda mbele mpaka kwenye kichwa kidogo kisicho na macho, na mkia ulikwenda nyuma ukipungua na kupungua mpaka ukawa mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Mbavu zilikuwa kama boriti za nyumba ambayo bado haijaezekwa. Kama mtu angekilaza kiumbe hicho katika kanisa la kwao, kichwa kikiwa madhabahuni, mkia ungetoka mlangoni na kufika walipofungwa punda.

Watu walikuwa wakikizunguka. Baba mmoja alikuwa amembeba mtoto mabegani ili aone vizuri. Mtoto alikuwa akila biskuti.

Drusilla alihisi maji ya baridi yakimshuka mgongoni. Huko kwao, mfupa usiotoka katika sufuria ya nyumbani hauletwi nyumbani. Mbwa akiokota mfupa mkubwa ambao haujulikani ni wa nini, unafukiwa upesi, na mwenye boma analala akiwaza. Mtu anayeweka mifupa ni omorogi, mchawi, na jina hilo halitamkwi kwa mzaha. Alipokuwa mdogo, Drusilla aliwahi kuona moshi ukipanda kutoka boma la mama mmoja ambaye katika paa lake, walisema, palikuwa na mifupa. Hakuambiwa yule mama alikwenda wapi, na hakuna mtoto aliyeuliza.

"Ni nini hiki?" alimuuliza Merle, kwa sauti ndogo.

Merle alisoma kibao. "Dinosaria. Alikufa zamani sana, kabla ya watu kuwapo."

"Ni nani aliyemfukua?"

"Wataalamu, nadhani."

"Wakamsimamisha tena?"

Merle alicheka, lakini alipomgeukia na kuuona uso wake, aliacha. Drusilla alikuwa ameshageuka. Alitoka nje, akasimama kwenye mvua bila mwavuli, na hakukubali kurudi ndani hata Merle alipomwambia kwamba upande wa pili kuna vipepeo.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia chuoni. Katika darasa lao kulikuwa na kiunzi cha mifupa ya mtu, kimetundikwa kwenye ndoano karibu na ubao. Mwanzoni alikuwa amejizoeza kutokitazama. Sasa hakuweza hata kukaa upande ule wa darasa. Alipoitwa mbele aonyeshe nyonga, jambo ambalo mkunga lazima alijue kama jina lake, mkono wake ulitetemeka mpaka mifupa ikagongana ikatoa sauti, naye akakimbia nje. Mwalimu alimwita ofisini. Hakumkemea. Alimwambia tu kwamba asiyeweza kushika nyonga hawezi kuzalisha, na kwamba meli za kurudi Mombasa zipo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomrudisha kwenye lile jumba. Baba yake alikuwa amemuombea mbele ya kanisa zima siku alipoondoka, na kurudi mikono mitupu kulimtisha sawasawa na mifupa. Alikwenda peke yake siku ya kazi, wakati hapakuwa na watu wengi, akasimama mbali na kile kiunzi cha dinosaria akiwa ameushika mkoba wake kifuani. Kila alipojiona ametulia, alipiga hatua moja, kisha akasimama tena.

Mlinzi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta, alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kumjia.

"Binti, unaumwa?"

"Hapana, bwana. Naogopa."

Mzee hakucheka. Alitazama mifupa kama vile na yeye anaiona mara ya kwanza. "Ngoja nikuambie kitu ambacho watu wengi hawakisomi pale kwenye kibao," alisema. "Huyu si mfupa. Ni plasta. Mifupa yenyewe iko Marekani. Huyu alimiminwa kama sanamu, akaletwa hapa vipande vipande ndani ya masanduku."

"Hakuna maiti hapa?"

"Katika huyu, hakuna. Njoo." Akageuka kuhakikisha hakuna anayewaona, akamwonyesha ukucha wa mguu wa nyuma. "Gusa mara moja tu."

Aligusa. Ulikuwa baridi na mkavu, kama ukuta wa nyumba ya serikali. Kidole kilibaki pale.

Kisha yule mzee akampeleka chumba kingine, akamwonyesha mifupa ya ndovu. "Huyu sasa ni mfupa kweli," akasema. "Alitoka huko kwenu Afrika." Drusilla hakumgusa ndovu. Alisimama tu mbele yake, akamtazama magoti, pingili za uti wa mgongo zilivyopangana, meno ya kutafunia yenye mistari kama jiwe la kusagia wimbi lililochongwa upya. Alirudi tena mwezi uliofuata, na tena. Hofu haikumwisha. Alichopata ni namna ya kusimama nayo. Mtihani wa mifupa aliupita, akawa mkunga, na mwaka 1968 akarudi nyumbani.

Aliolewa na Joash Ratemo, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole asiyependa maneno mengi, na akapewa kazi katika zahanati ndogo si mbali na soko la Nyaramba. Watu walimwita Sista. Walikaa bomani kwa kina Joash pamoja na mama yake, Nyamoita, mjane aliyekuwa na shamba la chai lililoshuka mpaka kwenye kijito.

Kosa la kwanza, kama lilikuwa kosa, alilifanya akiwa na furaha. Kina mama wa kanisa walimwomba awasimulie habari za Ulaya. Aliwaeleza kuhusu treni za chini ya ardhi na baridi inayogandisha maji, halafu akatoa kadi yenye picha ya kile kiunzi cha dinosaria akasema, "Na huyu nilimgusa kwa mkono wangu." Kadi ilipita mkono kwa mkono. Kuna walioishika pembeni kwa ncha za vidole, na mmoja hakuishika kabisa, akampisha jirani yake. Mtu aliuliza kama mnyama huyo alikuwamo katika safina ya Nuhu. Drusilla akasema hajui.

Walipofika nyumbani Nyamoita alikaa jikoni, akachochea moto, akasema, "Nyanchera, lile neno umelisema leo. Limetosha. Usilirudie tena."

"Lakini mama, ni sanamu tu."

"Wewe umesema umegusa mifupa mikubwa nchi za mbali, nawe ndiwe unayeshika watoto wetu wakizaliwa. Mimi nakuelewa. Hao wengine sijui."

Drusilla alicheka kidogo. Alikuwa na umri wa kucheka. Akazaa watoto wawili, na miaka ilipita bila lolote.

Mwaka 1973 Joash aliamua kujenga nyumba ya matofali. Aliajiri watu wawili wachimbe udongo bondeni, kando ya kijito, mahali penye udongo mweusi unaonata. Asubuhi moja watu hao walipanda mlima wakiwa wameacha majembe shimoni. Hawakutaka kueleza. Walisema tu kwamba kazi hiyo imewashinda, wakachukua makoti yao wakaenda.

Drusilla alishuka kutazama. Shimoni, upande wa kijito, palikuwa pametokeza mfupa mmoja, mnene kama paja la mtu mzima, rangi ya kahawa. Alihisi yale maji ya baridi mgongoni. Kisha akakumbuka goti alilolitazama katika lile jumba, na kitu kama fahari kikamwingia: kwamba yeye, katika bonde lote hilo, ndiye mtu anayeweza kushuka. Akashuka. Akauchimbua kwa jembe, akauosha kijitoni, akaufunga katika gunia na kuuweka ghalani, nyuma ya majembe. Alitaka shule zikifungwa aupeleke Nairobi, kwenye makumbusho, wamwambie ni mnyama gani.

Joash aliporudi na kuuona alisimama mlangoni mwa ghala bila kuingia. "Rudisha," alisema.

"Ni mnyama, Joash."

"Najua ni mnyama. Na wewe unajua ni mnyama. Rudisha shimoni, ufukie."

Akasema ataurudisha. Hakuurudisha.

Wiki chache baadaye surua iliingia. Ilianzia upande wa Nyamira mjini ikaja boma kwa boma, na zahanati ikajaa watoto wenye macho mekundu na kifua kinachokoroma. Drusilla alikuwa akilala na viatu. Wengi walipona. Binti wa Nyamongo, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, hakupona. Surua ilimshukia mapafuni, na ingawa Drusilla alimchoma sindano na kukaa naye, mtoto alikata roho mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sista. Nyamongo alimchukua mtoto wake akamfunga kwenye blanketi akaondoka.

Siku zile zile za msiba mke wa jirani mwingine alikuja kuazima jembe. Nyamoita alikuwa anachuma chai, akapaza sauti kutoka shambani kwamba majembe yako ghalani, achukue mwenyewe. Yule mama aliingia ghalani. Alitoka bila jembe.

Tangu hapo mambo yalibadilika kimyakimya, na kimya hicho ndicho kilichomtisha Drusilla. Foleni ya zahanati ilipungua, kisha ikakatika. Kina mama walipita njiani na watoto wao wagonjwa mgongoni, wakielekea zahanati ya misheni iliyo mbali, wakitembea upande wa mbali wa barabara. Aliwasalimia, "Bwakire," nao wakaitikia wakitazama chini, au hawakuitikia. Dukani muuzaji aliiweka chumvi juu ya meza badala ya kumpa mkononi. Mke wa mchungaji, aliyekuwa akija kila wiki kuongea naye, hakuja.

Halafu Joash alipofungua mlango asubuhi ya Ijumaa alikuta kwenye kizingiti mshiko wa nyasi za kuezekea. Zilikuwa zimefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, na ncha zake zilikuwa zimechomwa.

Hakuna aliyesema maana yake. Nyamoita aliziokota, akazitupa chooni, akawavika wajukuu wake wawili nguo za kutokea na kuwapeleka kwa wazazi wa Drusilla. Jioni alirudi peke yake. Drusilla alitaka kuuchukua ule mfupa akautupe, lakini Joash akamwambia kwamba sasa wakimwona ametoka na gunia ndipo itakuwa mbaya zaidi. Siku ya Sabato hawakwenda kanisani. Walikaa ndani wakisikia nyimbo zikipanda kutoka bondeni, na Drusilla alijikuta anahesabu milango: wa mbele, wa nyuma, wa jikoni. Alichokiogopa kuliko vyote ni kufungiwa ndani.

Walikuja Jumapili, asubuhi kukiwa kweupe. Alisikia sauti zao kwenye njia ya juu kabla hajawaona, sauti za chini, kama za watu wanaobeba kitu kizito. Alipochungulia dirishani aliona wanaume wengi na wanawake wachache, watu ambao alikuwa amezalisha wake zao, ambao alikuwa amewashona majeraha. Wengine walikuwa na panga, jambo ambalo si ajabu kwa mkulima, isipokuwa siku hiyo hakuna aliyekuwa akienda shambani. Nyamongo alikuwa mbele. Hakuwa na kitu mkononi.

"Kaeni ndani," Joash alisema.

"Nikikaa ndani wataziba mlango," akasema Drusilla. Alifungua mlango akatoka, akasimama uani ambapo kila mtu angemwona. Joash akatoka akasimama kando yake. Nyamoita akaja kutoka jikoni na mwiko wa ugali bado mkononi, akasimama upande wa pili.

"Tumekuja kwa kile kilicho ghalani," Nyamongo alisema.

"Kiko hapo hapo. Sijakificha."

"Kitoe."

Joash aliingia ghalani akatoka na gunia, akalifungua. Ule mfupa ulipoanguka kwenye nyasi watu walirudi nyuma wote pamoja, na mwanamke mmoja akaanza kulia.

"Mwenyewe ulituambia ulishika mifupa Ulaya," Nyamongo alisema. Hakuwa akipiga kelele. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio cha siku nyingi. "Ulituonyesha hata picha. Tukakaa kimya. Sasa huu umekuja nao, umeuweka kwako, na mtoto wangu amekufa mkononi mwako. Niambie mimi nifikiri nini."

Drusilla aliutazama ule mfupa kwenye nyasi. Alijua majibu yote ya chuoni. Aliweza kuwaeleza surua ni nini na mapafu ni nini, lakini aliziona nyuso zao na akajua kwamba kila neno la kitaalamu lingekuwa kuni.

Wakati huo Angwenyi, naibu wa chifu, alifika akihema, vifungo vya shati vimekosea matundu. Alikuwa peke yake, na ilionekana wazi kwamba na yeye anaogopa. Aliwaambia watu watulie wangojee polisi kutoka Nyamira. Mtu nyuma akasema polisi watakuta kazi imekwisha. Watu wakasogea, na duara likawa dogo.

Drusilla akaelewa kwamba hakuna muda. Alisema jambo la kwanza lililomjia.

"Mfupa huu umetoka shimo la matofali, pale chini. Waliochimba waliuona kabla yangu, waulizeni. Kama mimi niliuleta kutoka Ulaya nikaufukia, basi ni huu mmoja tu, maana hakuna sanduku linalobeba zaidi. Kama ni mnyama aliyefia pale, mwili wake wote uko pale. Twendeni tuchimbe."

"Na tusipokuta kitu?" Nyamongo aliuliza.

Drusilla alitazama duara. "Nitakuwa pale pale shimoni," alisema.

Joash alimshika mkono kwa nguvu hadi akaumia. Lakini Angwenyi alikuwa ameshalidaka neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba. "Tuchimbe," alisema. "Atakayekataa kuchimba nitajua anaogopa ukweli. Leteni majembe."

Walishuka bondeni. Wanaume walichimba kwa zamu, na Drusilla alisimama ukingoni, miguu kwenye udongo mweusi, watu nyuma yake karibu kiasi cha kuwasikia wakipumua. Mwanzoni palitoka mawe. Kisha mizizi. Kisha udongo mtupu, mwingi, unaonata kwenye jembe. Alianza kujiuliza kama mafuriko ya zamani hayakuuleta ule mfupa mmoja tu kutoka mahali pengine, jambo ambalo halikumjia akilini alipokuwa uani. Alitafuta sala na akakuta amesahau hata ile ya watoto. Wingu lilikuwa limeanza kukaa juu ya vilima vya Manga, na maji yalikuwa yakichuruzika ndani ya shimo. Mchimbaji mmoja akatupa jembe akasema, "Hakuna kitu hapa." Mtu nyuma ya Drusilla akahamisha panga kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Upande huu," Drusilla alisema, akaonyesha kidole. Hakuwa na hakika. Alikumbuka tu kwamba goti likiwa hapa, mgongo hauwezi kuwa chini ya kijito, lazima uelekee kwenye mlima. "Tafadhali. Upande huu."

Nyamongo mwenyewe ndiye aliyeruka ndani na kushika jembe. Alichimba kama mtu anayepigana. Alichimba mpaka jasho likamlowesha mgongo wote, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Kisha jembe likagonga kitu, akasimama. Akainama, akaondoa udongo kwa mkono.

Ulikuwa ubavu. Chini yake palikuwa na mwingine, na mwingine, zimelala sambamba. Zilipoondolewa zikafuata pingili za uti wa mgongo, kubwa kama vigoda. Mwisho, wakisaidiana watu watatu, walitoa taya lenye jino moja bado limeng'ang'ania mahali pake, jino pana lenye mistari. Drusilla alilitambua hata kabla halijaoshwa.

"Ni ndovu," alisema. Akaketi kwenye nyasi.

"Ndovu gani aje kufia Nyaramba?" mtu aliuliza.

Nyamoita, ambaye muda wote huo hakuwa ameuachilia mwiko wake, alijibu. "Babu wa mume wangu alikuta msitu hapa. Alikuwa akisema walipokuja walifuata njia za ndovu, maana hapakuwa na nyingine. Nyinyi mmekuta chai."

Angwenyi aliagiza mifupa yote ipangwe kwenye nyasi. Drusilla aliipanga mwenyewe, pingili baada ya pingili, na watu wakazunguka wakitazama. Hakuna aliyekaribia sana. Mvua ilipoanza waliondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi. Nyamongo alikuwa wa mwisho kupanda kutoka shimoni. Alimtazama Drusilla kama anayetaka kuuliza jambo, kisha akashika njia ya kwake.

Angwenyi alipeleka habari kwa wakubwa wake, nao wakasema watawaita watu wa makumbusho. Kama waliitwa, hawakufika. Mifupa ilikaa mvuani mpaka Joash na wanaume wawili wa kanisa wakaifukia pale pale, na nyumba ya matofali haikujengwa. Wapo walioendelea kusema kwamba ndovu yule naye aliletwa, na kwamba mtu aliyekwenda Ulaya hashindwi na kitu. Wengi walirudi zahanati kidogo kidogo, kwanza wenye vidonda, halafu wenye mimba. Watoto wa Drusilla walirudi nyumbani. Yeye hakurudi kuwa yule wa zamani. Akisikia watu wengi wakitembea pamoja, hata kama ni wanakwaya, alitoka nje ya nyumba. Ile kadi aliichoma jikoni, na Merle alipotuma salamu za Krismasi hakupata jibu kwa muda mrefu.

Mwaka uliofuata Nyamongo alikuja zahanati akimsukuma mkewe kwa baiskeli. Mama alikuwa katika uchungu tangu usiku, na mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Drusilla alimpima, akatoka nje kupumua. Alitaka kusema wampeleke Kisii. Gari halikuwapo, na barabara ilikuwa matope. Alijua vizuri kwamba mtoto huyu akimfia mkononi, hakuna shimo litakalochimbwa safari hii.

"Sista," Nyamongo alisema. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini. "Utaweza?"

"Sijui," alijibu. "Nitajaribu. Kaa hapo, usiingie."

Kabla ya kunawa mikono, alimwambia msaidizi wake wa zahanati aufungue mlango wa nyuma na auache wazi. Msaidizi alisema kuna baridi, mzazi atapata homa. "Funika mzazi," akasema. "Mlango uache."

Ilichukua muda mrefu. Miguu ilikuja, kisha mwili, kisha kichwa kikakwama, naye akaingiza vidole akatafuta mdomo wa mtoto kama alivyofundishwa, akiona nyonga ya yule mama akilini, kila mfupa mahali pake. Mtoto alitoka akiwa wa buluu. Alimfuta pua, akampulizia, akamsugua mgongo. Akalia, sauti ndogo ya hasira. Alikuwa msichana.

Nyamongo alisikia. Hakuingia, kama alivyoambiwa. Alipoletewa mtoto akampokea, alimtazama muda mrefu, akamrudisha, akasema ataleta ndizi. Kisha akasema, "Asante, Sista," kwa sauti ambayo karibu isisikike, akachukua baiskeli kwenda kumjulisha mama yake nyumbani.

Drusilla alimshona mzazi, akampa chai ya maziwa, akamfunika vizuri blanketi la pili. Alingoja mpaka alipoiona baiskeli ya Nyamongo imepita kona ya duka. Ndipo akaenda nyuma, akaufunga mlango.